Mama Amewapisha Tena

Kila aliyetoka kwao akaja kutafuta maisha katika mji mkuu ana nyumba mbili: anayolala na anayoisimulia. Dobi, mpiga pasi aliyekuwa mjini mwaka wa ishirini na sita, alilala katika chumba kimoja chenye dirisha moja, kwenye nyumba ya wapangaji kumi na wawili. Ile aliyomsimulia mama yake kwenye simu ilikuwa na vyumba viwili, sebule na baraza. Hakukusudia kudanganya. Ilianza na baraza tu, siku mama alipouliza kama wana mahali pa kukaa jioni wakapunga upepo, halafu nyumba ikaendelea kujengeka yenyewe kila alipopiga simu. Mkewe alikuwa msusi, na alimsikiliza akiongeza vyumba huku vidole vikienda kwenye kichwa cha mteja. Siku moja akamwambia, "Ukifika ghorofa ya pili niambie mapema, nitafute mapazia."

Basi yule mama akapanda basi akaja.

Alikuja kwa sababu ya macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na ndugu yake Dobi aliyebaki nyumbani alikuwa amepiga simu kusema mama sasa anapika kwa kupapasa, juzi ameshika sufuria ya moto. Hospitali kuu ya mji ilikuwa imepokea madaktari wageni wa macho kwa wiki mbili, wanapasua bila malipo, na wiki moja ilikuwa imeshapita. Ilikuwa ama sasa, ama asubiri warudi mwakani, na kwa namna ukungu ulivyokuwa ukiingia machoni mwa yule mama, mwakani ingemkuta gizani.

"Mwambie ukweli kuhusu nyumba kabla hajafika," alisema Msusi.

"Nitamwambia akishapona."

"Akishapona si ataona mwenyewe?"

Dobi akainuka. Akachukua nyundo, akapigilia misumari miwili, akatundika pazia katikati ya chumba.

Bibi (ndivyo kila mtu uani alivyomwita tangu siku ya kwanza) alifika Jumapili mchana, kifurushi kifuani, fimbo mkononi, amevaa viatu vyake vya kutokea. Aliona mwanga na vivuli tu. Mlango aliujua kwa weupe wake, mtu alimjua kwa sauti. Dobi alimkalisha kitandani, akamwambia hiki ndicho chumba chako mama, ukitanue uwezavyo, sisi tuna chetu kule. Kule kulikuwa hatua tatu, nyuma ya pazia.

Bibi alipumzika kidogo, kisha akataka kuiona sebule aliyoisikia miaka yote. Dobi hakuwa na pa kukimbilia. Alimshika mkono, akamtoa nje, akamzungusha uani chini ya kamba za nguo, akampitisha mbele ya jirani aliyekuwa akimenya vitunguu, akamrudisha kwa mlango uleule waliotokea. Safari hii akamkalisha upande wa pili wa pazia, kwenye kiti cha wateja wa Msusi.

"Hii ndiyo sebule, mama."

Bibi akapapasa mikono ya kiti, akavuta pumzi. "Ina harufu ya mafuta ya nywele."

"Mkwe wako anafanyia kazi humu."

"Vizuri sana. Na milango yenu yote inalia sauti moja."

"Fundi alikuwa mmoja," alisema Dobi.

Jirani kule nje aliinamia vitunguu vyake asionekane anavyocheka. Msusi hakucheka. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Alimwonea haya mumewe, akamwonea zaidi yule mama aliyekuwa akishukuru kwa kila chumba alichoonyeshwa.

&nbsp;

Kitengo cha macho cha hospitali kuu hakikuwa na namba wala karatasi za foleni. Kilikuwa na benchi moja refu la mbao, limeegemea ukuta kuanzia getini hadi mlango wa daktari. Unafika, unakaa mkiani. Mtu akiitwa, wote mnasogea tako moja mbele. Madaktari walikuwa wakipima watu hadi Alhamisi, Ijumaa wanamaliza kupasua, Jumamosi jioni wanafunga mizigo.

Jumatatu Dobi alimfikisha mama yake kabla ya jua kutoka, akapata nafasi ya sita. Yeye ilibidi awe kazini saa mbili. "Wakisogea, nawe usogee," alimwambia. "Usiinuke hapa kwa lolote."

"Nitasogea, mwanangu. Nenda kazini, usigombane na watu."

Aliporudi saa tisa, amekimbia kutoka kazini na mikono bado ina harufu ya wanga, benchi lilikuwa karibu tupu. Mama yake alikuwa mkiani kabisa, kando ya geti, anacheka na mzee mmoja aliyekuwa akisubiri dawa.

"Mama, wameshakuona?"

"Bado. Lakini nimekaa vizuri, usiwe na wasiwasi."

"Ulikuwa wa sita."

"Ndiyo. Akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, mtoto analia. Nikampisha. Akaja huyu mzee hapa, msalimie, amekaa ndani ya basi siku mbili. Nikampisha."

"Na wengine wote?"

"Wengine walinisalimia vizuri."

Dobi alishika kichwa. Msilaumu haraka. Huko alikotoka yule mama kulikuwa na kisima kimoja, na aliyetangulia kufika ndiye aliyekuwa mwenyeji wa kisima kwa muda ule. Mwenyeji hateki kabla ya mgeni. Unaweka ndoo yako pembeni, unamwuliza mwenzio habari za alikotoka, unamsaidia kuvuta kamba, wewe unateka wa mwisho, na hupungukiwi na kitu kwa sababu maji yapo palepale. Bibi alikuwa ameishi hivyo miaka sabini na miwili. Haikumwingia akilini kwamba daktari anaweza kuisha.

&nbsp;

Jumanne alikwenda na Msusi. Msusi alikuwa na mteja wa kusuka kutwa nzima, mwanamke mlipaji mzuri, akamwomba waahirishe. Yule mteja akasema haina neno, na kabla ya saa nne alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha msusi wa mtaa wa pili. Msusi alilijua hilo, akalimeza. Alikaa ubavuni mwa mama mkwe kama askari hadi wakafika nafasi ya nne. Hapo nesi akamwita dirishani kuandikisha kadi. Alikawia kidogo tu. Aliporudi, Bibi alikuwa mkiani.

"Mama, jamani, kwa nini?"

"Kuna binti alikuwa anaogopa, mkwe wangu. Hajawahi kuingia kwa daktari. Nikamwambia atangulie na wenzake asiingie peke yake."

"Wenzake wangapi?"

"Walikuwa wanne. Nami sikujua."

Nesi, mwembamba, mwenye sauti ya kufukuza kuku, alisikia yote. "Bibi, hapa ni hospitali, siyo matangani. Hapa hakuna mwenyeji."

"Basi nitakuwa mimi," alisema Bibi kwa upole, na benchi zima likaangua kicheko, hata waliokuwa na vitambaa machoni. Msusi naye alicheka, lakini kwa uchungu, kwa maana saa ya kufunga ilikuwa imekaribia na siku ya pili imekwenda na maji.

Jioni ile Bibi alikaa kitandani akaita kupitia pazia, "Jamani, leo siku ya tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Langu liko wapi?"

"Huku hakuna shamba, mama."

"Hata bustani? Hata mchicha wa kumwagilia?"

Msusi alimletea rundo la nywele za bandia zilizojisokota, zilizokuwa zikimngoja mwezi mzima. Bibi akaziweka mapajani akaanza kuzifungua kwa vidole, taratibu, na alivyofungua ndivyo alivyosimulia. Lile daraja la miti limebomolewa, sasa kuna la zege, lakini watu bado wanavua viatu kabla ya kuvuka, mazoea. Kisima kina pampu. Yule mwalimu aliyekuwa na baiskeli ya kengele mbili amekufa, na kengele moja iko mlangoni kwa binti yake, wageni wanaipiga. Ile njia ya kukatiza kwenye majani marefu, iliyokuwa ikiwalowanisha miguu wakienda shule, imefunga, hakuna anayeipita.

Upande wa pili Dobi alikuwa amekaa mkekani, hajawasha hata redio. Aliiona ile njia. Aliuona umande kwenye magoti yake na mgongo wa kaka yake ukitangulia. Alikuja mji huu kwa miaka miwili tu, akusanye cha kuanzia kisha arudi. Na ile miaka miwili alikuwa bado hajaimaliza. Alitamani mama yake asinyamaze. Nywele zilipokwisha alimnong'oneza mkewe ampe zingine, na Msusi akachukua rundo zima alilokwisha kulichana, akalivuruga kwa makusudi, akampelekea.

&nbsp;

Jumatano kosa halikuwa la Bibi. Alikuwa wa tatu, Msusi amemshika mkono hauachii, umeme ukakatika. Mashine ya daktari ikazimika, wakangoja hadi alasiri, haukurudi. Nesi akatoka akasema kesho ndiyo mwisho, na watakaochukuliwa kupasuliwa hawatazidi kumi na wawili.

Msusi alimrudisha Bibi nyumbani, akaenda moja kwa moja kazini kwa mumewe. Palikuwa na joto la kuchemsha mayai. Dobi alikuwa mezani, shati la mia na kitu mbele yake: kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, kifua mwisho. Wenzake walisema anaweza kumjua mkubwa wa serikali kwa kola yake tu, anayehangaika na asiyehangaika. Alimsikiliza mkewe, akaisimamisha pasi, akaenda kwa mwenye duka, ambaye wote walimwita Tajiri.

"Naomba kesho, mzee. Siku moja. Ni macho ya mama."

"Unajua kesho kuna nini? Kuna wajumbe wa mkutano. Mashati mia mbili. Mama yako ana macho mawili, mimi nina mashati mia mbili."

"Sijawahi kuomba siku tangu nimzike baba. Mwaka wa tisa huu."

"Sikukatazi," alisema Tajiri, akirudisha miwani puani. "Nenda. Ila nitaweka mwingine kwenye meza ya pasi, na siwezi kumtoa ati kwa kuwa wewe umerudi. Jumatatu utaingia kwenye mabeseni."

Dobi alianzia kwenye mabeseni, enzi hizo. Miaka minane ya sabuni, kucha laini, ngozi ya vidole inabambuka. Siku alipopandishwa mezani alimpigia mama yake simu na siku hiyo nyumba ikaongezeka chumba. Wenzake walikuwa wanajifanya wako kazini na masikio yote yako kwake.

"Haya, mzee," alisema. "Mabeseni nayajua."

&nbsp;

Alhamisi walikuwa wa saba kwenye benchi. Dobi aliketi upande wa getini na mama yake upande wa mlango wa daktari, ili mtu akitaka kupishwa aanze kwake. Hata hivyo benchi lilikuwa limeshamjua Bibi. Waliokuja kupimwa mara ya pili walimwita kwa furaha, wakamwuliza alilalaje, wakamletea habari za wale wa jana. Kila aliyefika alisalimia kuanzia mkiani hadi mlangoni, akaulizwa katoka wapi, akaeleza ana watoto wangapi na mvua imenyesha vipi.

Dobi alisikiliza kwa namna ya ajabu. Siku aliyoingia mji huu, na sanduku lake la bati begani, alisalimia kila mtu kuanzia kituo cha basi hadi nyumba ya kulala wageni. Wengi walipita. Mwanamume mmoja mwenye mkoba alisimama akamwuliza, "Unanijua?" Akasema sikujui. "Sasa unanisalimia nini?" Jibu lake Dobi analitafuta hadi leo. Alijikaza miezi mitatu, akawa anasalimia kwa sauti ndogo, kisha kwa kichwa, kisha basi. Na sasa hapa, katikati ya mji uleule, mama yake alikuwa amekaa siku nne tu, na benchi zima limekuwa kwao. Aliulizwa na mzee wa pembeni katoka wapi, akataja mahali, akaeleza daraja na kisima, akajikuta anaongea kwa lafudhi aliyodhani imekufa. Alisikia raha hata akasahau saa.

Saa sita nesi akatoka. "Wamebaki watatu wa kupasuliwa. Watatu tu. Wengine mtapewa dawa, mtakuja wakirudi mwakani."

Bibi alikuwa wa tatu. Dobi alihesabu vichwa mara mbili, akashukuru Mungu kimoyomoyo.

Hapo ndipo geti lilipolia. Aliingia mzee mrefu, ameshikwa mkono na mkewe, fimbo yake ikigonga sakafu huku na huku, kila mahali. Wamekuja kwa lori, alieleza mkewe, na lori limeharibika njiani siku nzima. Macho ya mzee yalikuwa meupe kama maganda ya yai. Waliokaa wakavuta miguu fimbo ipite. Bibi aliinua uso akaisikiliza ile fimbo, kisha akaweka mikono magotini, tayari kuinuka.

"Mama, keti."

"Huyu haoni hata mwanga, mwanangu. Sikia fimbo yake. Mimi naona mwanga."

"Keti."

"Nitangoja mwakani, mimi si—"

"Nimesema keti! Hapa si kisimani!"

Alikuwa amemshika bega, akamrudisha chini. Hakuwahi kumpazia mama yake sauti hata utotoni. Nesi alisimama na kadi mkononi, na kila mtu alitazama chini, hata wale ambao hawakuwa na haja ya kutazama chini.

"Kaa tu, dada yangu," alisema yule mzee kutoka getini. "Mimi ndiye niliyechelewa."

Bibi alikaa. Alipoitwa aliinuka mwenyewe, akaukataa mkono wa mwanawe, akaenda akapiga bega kwenye fremu ya mlango, akaingia.

Dobi alibaki benchini na yule mzee, ambaye sasa alikuwa amesogezwa hadi karibu naye kwa ajili ya dawa. Ilimbidi aseme neno. "Pole, mzee wangu."

"Nimeshapoa. Umempigania mama yako." Mzee aligeuza uso upande wa sauti. "Wewe ni mwenyeji wa hapa, nasikia."

Miaka ishirini na sita Dobi alikuwa akitamani mtu amwambie hivyo. Wenye nyumba walimwita mtu wa kuja, Tajiri alimwita wa bara, na makarani walimwuliza kwenu ni wapi kabla hawajamwuliza shida yake. Sasa ameambiwa, na mtu asiyeona.

"Ndiyo," alijibu, akatamani sakafu ipasuke.

&nbsp;

Alhamisi jioni Bibi hakusema na mwanawe. Alitaka maji kupitia kwa Msusi, akauliza saa kupitia kwa Msusi. Msusi akapeleka maneno huku na huku ya pazia, akachoka. "Mimi si posta," alisema mwishowe, na hakuna aliyecheka.

Ijumaa walimpasua jicho la kulia. Daktari alisema la kushoto litangoja mwakani. Jumamosi asubuhi nesi mwembamba alimfungua bandeji polepole, akamwambia asisugue, afumbue taratibu. Bibi akafumbua. Alimtazama nesi kwanza, juu hadi chini.

"Kumbe ni mtoto mdogo hivi. Na sauti yote ile."

Nesi akacheka, akafuta pua kwa mkono. Bibi akageuka. Dobi alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, kofia mkononi. Mama yake alimtazama kwa muda mrefu, jicho likimtoka machozi ya dawa.

"Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe. Nilitaka kusema shikamoo, nikidhani ni marehemu baba yako." Akanyoosha mkono, akagusa mvi za upande wa sikio. "Hizi zimeanza lini? Mbona hukunitajia kwenye simu?"

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia tangu benchini.

Walirudi nyumbani polepole. Bibi akasimama mlangoni kwanza, akatazama. Aliuona ukuta wenye chumvi, dirisha moja, kitanda kimoja, pazia kwenye misumari miwili na, chini yake, ncha ya mkeka. Msusi alianza kukunja nguo ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Mmelala hapa chini wiki nzima," alisema Bibi. "Na miguu yako hiyo ya kusimama kutwa."

"Nilikudanganya, mama."

"Nilijua Jumapili ileile. Watu hawanong'oni kwenye nyumba yenye vyumba viwili."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeijenga kwa ajili yangu. Mimi niibomoe kwa nini?"

Dobi akakaa mkekani, akafunika uso kwa kofia, akalia, mtu mzima wa mvi. Bibi hakumbembeleza. Alimwomba Msusi amsaidie kuvua viatu, akashuka naye akakaa chini, watatu wote kwenye mkeka mmoja.

"Yule mzee wa fimbo," alisema Bibi, "ulimwuliza anakaa wapi?"

"Hapana, mama."

"Mimi nilimwuliza, nilipotoka kwa daktari. Anakaa njia yetu ya nyumbani, kituo cha pili kabla ya kwetu." Alinyoosha miguu. "Sikulaumu. Ungekuwa umeninyamazia ningekuwa kipofu, na mtoto gani anataka mama yake awe kipofu. Ila nilishangaa. Nilijiuliza, huyu amejifunza wapi?"

"Huku mama, usipokaa, unakaliwa."

"Naam," alisema Bibi. "Nimeona."

&nbsp;

Jumapili kituo cha basi kilijaa watu na vifurushi. Msusi alimsuka mama mkwe asubuhi, mistari midogo ya kurudi nyuma, jicho lisisumbuliwe, na Bibi alikuwa amejitazama kwenye kioo mara tatu akisema huyu ajuza ni nani aliyenichukulia uso. Sasa alikaa dirishani, kifurushi mapajani, anatazama kila kitu: majengo marefu, vibao, mwanamke aliyepita na viatu vyekundu, watu wanavyokwenda bila kugusana.

"Ni kuzuri," alimwambia mwanawe aliyesimama chini ya dirisha. "Nilikuwa nasema labda nitauchukia mji uliokuchukua, lakini ni kuzuri. Ningekuwa kijana nami ningebaki."

"Si kuzuri sana, mama."

"Kesho unarudi kwenye pasi?"

"Ndiyo, kwenye pasi." Kisha akaona lile jicho jipya limemtulia usoni. "Kwenye mabeseni, mama. Kwa muda."

"Kwa ajili ya Alhamisi?"

"Kwa muda tu."

Bibi akatoa mkono dirishani, akakishika kiganja chake, akakigeuza akakitazama, akakirudisha. Dereva alikuwa ameshapanda. Msusi aliagana na Bibi, akasogea pembeni awaachie nafasi.

"Fika salama," alisema Dobi. "Wasalimie wote. Waambie mwakani nakuja, Mungu akipenda. Mwakani lazima."

Ni maneno aliyoyasema kila mwaka kwenye simu, na kila mwaka yule mama aliitika kule upande wa pili, akafagia kile chumba cha nyuma, akangoja. Safari hii hakuitika. Alikuwa anamtazama: mdomo unavyosema mwakani, na macho yanavyokwenda pembeni kutafuta pa kujificha.

"Usiniambie hivyo," alisema taratibu. "Zamani nilikuwa nasikia tu, nikaamini. Leo nakuona."

"Mama—"

"Mwakani nakuja mimi. Kuna jicho hili la kushoto. Nitashukia kwa yule mzee, nimshike mkono, tuje naye. Wewe kaa na mkeo. Njia sasa naiona."

Basi likaunguruma. Dobi akatembea ubavuni mwake, mkono juu ya bati, anataka kumwapia kwamba safari hii ni kweli, kwamba ataomba ruhusa, kwamba hata akifukuzwa atakuja. Akafungua mdomo. Mama yake alikuwa ameinama dirishani, anamtazama usoni. Akaufunga.